Chui Aliyeacha Nyama, Isipokuwa ya Ibada

Hapo zamani za kale, kabla bibi zenu hawajaota meno, palikuwa na Chui aliyeacha kula nyama. Ndiyo, Chui, huyu huyu wa madoa! Acheni kucheka, mtacheka baadaye.

Chui huyo alisafiri hadi mjini, akalala majira mazima ya mvua nyuma ya hekalu la Wahindu, akinusa ubani na kusikiliza vitabu vitakatifu vikisomwa. Aliporudi msituni alikuwa na shanga shingoni, alama nyekundu kwenye paji la uso, na sauti laini kama uji wa mgonjwa.

"Ndugu zangu," akasema, "vitabu vimenifumbua macho! Asiyedhuru kiumbe ndiye mwema. Ninayemla hapa duniani, huko niendako atanila mimi. Kuanzia leo mimi ni wa dengu na mboga!"

Wanyama wakapiga vigelegele. Fisi, mtumishi wake, akalia machozi, na watu wakadhani ameguswa na mahubiri. Kumbe alikuwa anaililia mifupa.

Basi nyumba isiyo na nyama ikahitaji mpishi. Kazi akaipata Digidigi, mjane mdogo mwenye miguu myembamba na pua isiyotulia. Alifurahi huyo! Nyumba ya Chui asiyekula nyama, msitu mzima angepata wapi mahali salama kuliko hapo? Akapika dengu kwa samli na bizari mpaka harufu ikavuka mto.

Shida ya dengu, wanangu, ni kwamba si nyama. Haukupita muda Chui akaanza kukonda. Akamwita Korongo, msomaji wake wa vitabu, ndege mwenye mdomo mrefu na haya fupi.

"Mwalimu, hebu tazama tena. Samaki je?"

Korongo akafunua kurasa, fya, fya, fya. "Hapa pameandikwa kwamba mla samaki ni sawa na aliyekula nyama zote."

"Umefunua vibaya."

Fya! "Ahaa! Mbele kidogo wapo samaki walioruhusiwa, wakitolewa kwa ibada. Tena wapo Wahindu wa nchi za mito wanaomwita samaki tunda la maji."

"Tunda!" Chui akameza mate. "Na mganga alivyonisisitizia nile matunda!"

Toka siku hiyo Chui akala matunda kwa wingi, matunda yenye magamba na macho. Korongo naye, kwa uchovu wa kusoma, hakukosa tunda lake.

Sasa nyinyi msije mkavisingizia vitabu. Vitabu vile vina kurasa nyingi, na Wahindu wenyewe wamebishana juu ya nyama tangu enzi na enzi. Wapo wasiogusa hata yai, na wapo wanaokula samaki na kusali vizuri tu. Lakini wao husoma kwa macho. Chui wetu alisoma kwa tumbo, na tumbo lake halikutosheka na matunda.

Korongo akatafuta tena, akapata: mnyama aliyetolewa sadaka hahesabiwi kuwa ameuawa. Amepandishwa mbinguni, na kula kilichobaki cha sadaka si dhambi. Ehee! Ghafla Chui akawa mcha Mungu kupindukia. Ibada asubuhi, ibada jioni. Mvua ikinyesha, ibada ya shukrani. Isiponyesha, ibada ya kuiomba.

"Lakini kwangu hatolewi mtu kwa nguvu," akatangaza, mkono kifuani. "Iko desturi. Mteule anamwagiwa maji ya baraka. Akijitikisa, amekubali mwenyewe kwa hiari yake. Asipojitikisa, anakwenda zake kwa amani."

Maji yenyewe yalikuwa ya kisimani, ya baridi ya kukata. Kanga akamwagiwa: prrr! Akajitikisa. "Amekubali!" Mbuzi akamwagiwa: brrr! "Amekubali! Mbinguni moja kwa moja!" Jamani, nani hajitikisi akimwagiwa maji ya baridi mgongoni?

Digidigi alikuwa jikoni akisikia yote. Kanga alikuwa jirani yake, waliazimana chumvi. Siku ile Digidigi alilia juu ya sufuria ya dengu, na aliona aibu kwamba analia huku anakoroga. Akaazimia kuhama. Akachelewa.

Asubuhi moja Chui akaingia jikoni, akamzunguka polepole.

"Binti yangu, umenawiri!"

Moyo wa Digidigi: pu! pu! pu! "Ni samli tu, Mtukufu."

"Kesho tuna ibada kubwa, msitu wote umealikwa. Nimekuteua wewe uende mbinguni. Usinishukuru."

"Nisiposhukuru nitakuwa sina adabu. Lakini dengu za kesho atapika nani?"

"Kesho," akasema Chui, akijilamba, "hatutahitaji dengu."

Fisi alikwisha kaa mlangoni na kisu chake. Hapakuwa na pa kukimbilia. Digidigi aliogopa. Alitaka kuishi, basi, hakutaka mbingu ya mtu. Akatazama huku, akatazama huku, macho yakatua kwenye mtungi wa samli. Akakaa akiutazama. Palipokucha akajipaka samli mgongo, shingo, masikio, tumbo, mpaka manyoya yote yakalala, akang'aa kama andazi.

"Mbona unang'aa?" Fisi akauliza.

"Unataka niende mbinguni nimepauka?"

Wanyama wakakusanyika. Kengele ikalia, nge-nge-nge! Digidigi akainama kwa heshima.

"Mwalimu Korongo, tusomee ile desturi, wageni wasikie."

Korongo akakohoa. "Anayemwagiwa maji ya baraka akajitikisa, amekubali kutolewa."

"Yeyote?"

"Yeyote!"

"Awe mdogo, awe mkubwa?"

"Awe mdogo, awe mkubwa!" akadakia Chui, njaa inamsokota. "Mbele ya ibada sote sawa! Mwaga, Fisi!"

Mwaa! Maji yakateleza juu ya samli, yakaishia chini. Digidigi tuli. Ndani yake kila kitu kilikuwa kinatetemeka, lakini nje hata ile pua isiyotulia ilitulia.

"Hajajitikisa!" akasema Nyani kutoka nyuma.

"Mwaga tena!"

Mwaa! Wapi! Digidigi amesimama kama kigingi.

"Hajakubali! Aachwe aende!" wanyama wakaanza kunong'ona, kisha kupiga kelele.

"Subirini!" Chui akanguruma, akakumbuka, akalainisha sauti. "Subirini, wapendwa. Maji haya yana kasoro."

"Kweli kabisa, Mtukufu," akasema Digidigi. "Yamechotwa na Fisi, yamemwagwa na Fisi. Fisi, jamani! Yatoe wapi baraka? Yangeanzia kwenye mwili mtakatifu kama wako, mbona hata mimi ningetikisika mpaka kwato!"

Chui akavimba kwa raha. "Mnaona? Kadogo, lakini kana akili. Fisi! Lete mtungi mzima wa maji, unimwagie!"

Mwaaaaa!

Mmewahi kumwona paka aliyemwagiwa maji? Basi chui ni paka, tena paka mwenye mgongo mpana. Brrrrr! Prrrrr! Fffya! Alijitikisa kutoka masikio hadi ncha ya mkia. Shanga zikakatika, zikatawanyika. Alama nyekundu ikamtiririka hadi puani.

"Amekubali," akasema Digidigi taratibu.

"Amekubaliii!" msitu wote ukaitikia.

Fisi akamtazama bwana wake. Kisha akalitazama paja la bwana wake. Akaanza kunoa kisu, kwecha, kwecha.

"Fisi! Ni mimi, bwana wako!"

"Najua, bwana mkubwa. Hongera! Mbinguni moja kwa moja. Usinishukuru."

"Korongo! Waambie!"

"Mimi msomaji tu," akasema Korongo, tayari yuko juu ya tawi.

Chui akapiga magoti ndani ya tope. "Ndugu zangu! Asiyedhuru kiumbe ndiye mwema! Uhai ni mtakatifu!"

"Loo, ukurasa ule umeonekana?" Digidigi akauliza. "Sisi tulidhani umechanika."

Fisi akasogea. Chui akafumba macho, akalia kilio cha kweli sasa, kile kile alicholia Mbuzi. Digidigi alikisikia, na hasira yake yote haikumtosha kukivumilia.

"Ngoja, Fisi. Mtukufu, kule hekaluni hukusikia kwamba wapo Wahindu wanaokata boga mahali pa mnyama? Ibada inatimia, na damu haimwagiki."

"Nilisikia! Nilisikia boga! Naapa!"

"Mbona hukutuambia?"

"Nilisahau!"

"Kanga angefurahi sana ungekumbuka," akasema Digidigi.

Likaletwa boga. Fisi akalikata kwa kinyongo, hajawahi mtu kulikata boga kwa uchungu namna ile. Likapikwa kwa samli iliyobaki mtungini, akapakuliwa Chui sahani ya kwanza.

"Na... na matunda ya maji?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Boga!" wakasema wote.

"Na kukubali kwako tumekuhifadhia," akaongeza Digidigi, akijifunga leso kiunoni tayari kwa safari ya kwao. "Siku utakayosahau boga, Fisi atakukumbusha."

Fisi akaketi pembeni na kisu chake, akasubiri kwa matumaini makubwa. Chui akatafuna boga, machozi yakimdondoka, na waliochelewa kufika wakadhani ameguswa na ibada.

Yangu nimeyamaliza, wanangu, kaosheni mikono mkale. Ila atafutaye kitabuni ruhusa ya tumbo lake, ajue kuna siku mwenzake mwenye njaa atamsomea ukurasa ule ule.