Sultani Aliyesoma Kisha Akaketi

Hapo zamani, mji wa Kingamwe ulitawaliwa na Sultani Mwinyikombo, mtu wa majivuno yasiyo kifani. Aliamuru kila raia afundishwe kutamka herufi na kuandika jina lake; ashindwaye asikanyage sokoni. Ikawa, watu walipokwisha kufundishwa, akatuma wajumbe nchi jirani kutangaza kwamba Kingamwe hakuna mjinga hata mmoja.

Basi Bi Mkunde, kikongwe muuza vitumbua, akafukuzwa sokoni, kwa kuwa vidole vyake vilivyopinda havikuweza kushika kalamu. Mwanawe Zimbwe, fukara wa kanzu moja, alisoma polepole kwa kufuatisha kidole, ila hakulipita neno mpaka ajue linamtaka nini. Alipomkuta mamaye akilia, uchungu ukampanda, akaenda barazani.

"Maulana," akasema, "wajinga wamejaa humu humu kwako."

Sultani akafura. "Kesho nionyeshe mmoja tu! Ukishindwa, wewe na mama yako mtaihama nchi hii kwa miguu."

Zimbwe akatoka akiwaza la kufanya, maana mamaye hakuwa na miguu ya safari. Kulipopambazuka akaingia barazani na chungu cha lami, walinzi wakidhani amekuja kung'arisha viti. Akakipaka kile kiti kirefu cha mpingo walichozoea kuketi Sultani na wakuu wote, na ukutani juu yake akaandika kwa herufi kubwa: KITI KIMEPAKWA LAMI MBICHI. USIKETI. Kisha akatoka nje kungoja.

Sultani akaja, akasimama, akasoma kwa sauti ya madaha, asikosee hata herufi.

"Mwandiko mzuri," akasema, akaketi.

Waziri mkuu naye akasoma kwa sauti kubwa zaidi, akaketi. Wengine wakafuata, kila mmoja akitaka asikike kumshinda mwenzake, wakaketi wote.

Zimbwe akaingia, akainama.

"Yuko wapi mjinga wako?" Sultani akanguruma.

"Inuka, maulana, nikuonyeshe."

Sultani akajaribu kuinuka, kiti kikamshika. Mawaziri wakajikukurusha, majoho yakalia pwaa!

"Uniwie radhi," akasema Zimbwe. "Uliniagiza mmoja, nami nimekuletea safu nzima."

Ikabidi aitwe fundi wa nguo, akate kwa mkasi vitambaa vilivyonasa kitini. Sultani akasema kwa sauti ndogo, "Mama yako arudi sokoni," kisha akaondoka kinyumenyume hadi ndani, mikono yote miwili ikiwa nyuma.