Nyumba Isiyo na Muhuri

Hapo zamani, nyumba zilipokuwa zikijulikana kwa majina ya wenyewe, alikuwako katika mji wa Kirimani mjane mmoja, Mize, mshona kofia, mwenye watoto wanne na subira ndogo. Alinunua kwa Sultani nyumba kuukuu nyuma ya ngome, akatoa dhahabu zake zote za arusi, akahamia. Ikabaki hati tu kutiwa muhuri.

Kila alipokwenda, Waziri alimwambia kesho. Mara mtunza muhuri ana mafua, mara nta imekauka. Basi siku moja Mize akamkuta nyumbani kwake tajiri wa karafuu akipima ukumbi kwa hatua, akajua akizidi kungoja atatolewa nje yeye pamoja na wanawe. Akaenda kwa Sultani mwenyewe.

Sultani akamjibu bila kuinua macho, "Nyumba isiyo na muhuri bado ni yangu. Wewe humo u mgeni wangu tu."

"Nimesikia, bwana wangu," akasema Mize, akaenda zake.

Adhuhuri akarejea na watoto, mikono wamekwisha nawa, wakaketi penye sinia la Sultani. Waziri alipouliza, akaambiwa kuwa mgeni hajipikii. Jioni wakaja tena, na yule mdogo akaomba ukoko. Ikawa hivyo hata Ijumaa, walipokuja watu wa posa kumtaka binti yake mkubwa. Mize akawaeleza kwa adabu kwamba mwenye nyumba yuko kasri, akawapeleka wote huko, mashangazi na tambuu zao.

Basi Sultani akajikuta katikati ya mashangazi. Mmoja akamuuliza binti anajua kupika nini. Wa pili akamwambia, "Na wewe baba, nyumba yako choo hakina mlango. Huoni haya?"

Sultani akamtazama Mize. Mize akatazama dari.

"Waziri, lete muhuri."

Waziri akaanza habari za mafua, lakini Sultani alipomkazia macho, muhuri ukatoka katika mfuko wa kanzu yake mwenyewe.

Mize akaikunja hati, akaitia kifuani, akawageukia wageni. "Haya, karibuni kwangu. Pilau iko motoni tangu asubuhi."

Sultani, ambaye mashangazi hawakumpa nafasi ya kula, akauliza, "Na mimi je, Bi Mize?"

"Wewe njoo kesho, bwana wangu."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. Na kesho yake akaja kweli, nyuma yake seremala amebeba mlango wa choo.