Firigisi ya Nyumbani kwa Mzee Shitanda

Sogeeni karibu, na mwenye hasira aje nayo, maana itamfaa.

Palikuwa na marafiki watatu waliojiita wapelelezi. Muhonja alikuwa na pua, Kadenyi alikuwa na macho, na Lusweti alikuwa na mdomo. Muhonja alivaa koti la mvua la mjomba wake hata juani, kwa sababu mpelelezi bila koti, alisema, ni mpita njia tu.

Siku moja jogoo wa Mama Khasoa, aliyefugwa kwa ajili ya wakwe, alitoweka. Manyoya yake yakaonekana mlangoni kwa akina Andayi, rafiki yao. Mume wa Mama Khasoa, Mzee Shitanda, mwenyekiti wa kamati ya shule, akamkunja Andayi shati mbele ya watu.

"Mwizi huyu. Kesho asikanyage shuleni."

Andayi hakuwa amegusa hata kifaranga.

Muhonja akamkaribia mzee, akavuta pumzi. Koti la mzee lilinuka manyoya yaliyobabuliwa motoni. Bila pua ile, nani angethubutu kumshuku mtu mzima?

Kadenyi akainama, akaokota unyoya. Ulikuwa umelowa. "Kuku huyu amenyonyolewa kwa maji ya moto," akasema, "na jiko la hapa ni baridi tangu jana. Manyoya yameletwa."

Mzee akafoka kuhusu watoto wa siku hizi. Lusweti akamwacha amalize, kisha akasema kwa upole, "Pole, baba. Angalau nyama ilikuwa laini."

"Laini wapi? Imenitesa meno mchana kutwa."

Mama Khasoa akamtazama mumewe mpaka mzee akainamisha kichwa.

Jioni mama huyo akachinja kuku nyumbani kwake kumtaka radhi Andayi, akampa sahani agawe mwenyewe. Sasa, firigisi ni moja, haikatwi, na hupewa anayestahili heshima.

"Mimi ndiye niliyeanza," akasema Muhonja.

"Harufu si ushahidi," akasema Kadenyi.

"Bila mimi mngekuwa bado mmeinama pale," akasema Lusweti.

Na Mzee Shitanda, bila haya hata kidogo, akanyoosha mkono. "Mila ni mila. Firigisi ni ya mwenye nyumba."

Andayi akaivuta sahani kwake kwa hasira. Mtu huyu alimwita mwizi, na neno pole hajalitamka. Tena kesho ndiye atakayeongoza kikao cha kamati.

Sahani iko mkononi mwa Andayi na chakula kinapoa. Nyinyi mnaonisikiliza, mngemsogezea nani?