Siku Mtemi Lugembe Alipokaa Mavumbini

"Akikaa chini mtemi, nchi nzima imekaa." Mmemsikia mwenyekiti wa kijiji akiisema leo, mkadhani anawasimanga watemi kwa kuanguka kwao. Shule mmekwenda, wajukuu zangu, lakini hapo mmepotea. Methali hii ilianza hivi.

Serikali ilikuwa imefuta utemi kwa sheria. Mtemi wetu Lugembe akawa raia kama mimi: haamui kesi wala hatoi amri. Mwamuzi sasa alikuwa Mkuu wa Wilaya, kijana wa Kipare aitwaye Chediel. Alikuwa na adabu zake, ila watu wa bonde letu la Nkindu hawakumjali hata kidogo.

Mwaka huo mvua ilikataa. Kijiji cha juu kikaziba mfereji wa maji, na ng'ombe wa kijiji cha chini wakaanza kufa. Asubuhi moja wanaume wa pande zote mbili wakakutana uwanja wa mnada, mikuki mikononi. Mimi, msichana mdogo, nilijibanza nyuma ya mama.

Chediel alikuja na askari wawili. Akasema maji yatagawanywa, wakamzomea. Kisha wazee wakakileta kigoda cha utemi, wakakiweka mbele yake, wakasema watamsikiliza mwenye kigoda tu. Maskini, alikwama. Akikubali mtemi aamue, amevunja sheria aliyotumwa kuisimamia. Akikiondoa, damu itamwagika, na pengine itaanza yake.

Mtemi akaitwa. Alikuja taratibu, mgolole wake begani, akasimama mbele ya yule kijana.

"Bwana Mkuu, sheria imenikataza kuamua," alisema. "Je, imenikataza kukaa?"

"Haijakukataza, mzee," akajibu Chediel.

Basi Lugembe akakipita kigoda, akakaa chini, mavumbini, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi yake.

Sasa, kwetu hakuna aliyethubutu kuwa juu ya kichwa cha mtemi. Akikaa, unakaa. Nami niliona kwa macho haya mikuki ikilazwa, na uwanja mzima ukishuka kama mtama uliopitiwa na upepo. Hata wale askari, ambao si wa kwetu, walijikuta wamechuchumaa.

Chediel akabaki amesimama peke yake, kigoda kitupu mbele yake. Akakitazama. Kisha naye akakaa mavumbini, kando ya mzee.

"Maji ni yako kuyagawa, Bwana Mkuu," Lugembe akamwambia. "Sema, tunakusikiliza."

Akagawa: asubuhi kijiji cha juu, alasiri cha chini. Hakuna aliyezomea. Walioziba mfereji ndio walioufungua, siku ile ile.

Mtemi hakumwamuru mtu yeyote, wala hakuivunja sheria. Amri walishamnyang'anya, alikaa tu. Sasa kasemeni nanyi, mkijua mnachosema: akikaa chini mtemi, nchi nzima imekaa.