Muhuri Alioubomoa Bi Unaysa

Wametusimulia wanazuoni wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba zamani katika bonde moja la ngano wakulima wote walikuwa na ghala moja la mbegu. Kila mavuno, kabla mtu hajaonja mkate mpya, alipeleka huko ngano yake bora. Kisha mlango ulizibwa kwa udongo, na kila mwenye shamba akagandamiza kiganja chake juu ya udongo huo ungali mbichi, ndio muhuri wao. Haukufunguliwa ila wote wahudhurie. Mwenye kulinda amana hiyo alikuwa Bi Unaysa, mjane mcha Mungu ambaye hakuna aliyewahi kumtilia shaka.

Ukaja mwaka wa ukame. Watu wakatawanyika milimani kutafuta mizizi ya kula. Siku moja Bi Unaysa akasikia harufu ya uvundo mlangoni, akajua ngano iliwekwa kwa haraka, haikukauka sawasawa, na sasa inaharibika.

Nduguye akamsihi, "Dada, wangoje warudi. Ukifungua peke yako watakuita mwizi."

"Nikingoja, watakuta jina langu zima na mbegu imeoza," akajibu. "Je, watapanda jina langu?"

Akasema Bismillahi, akaubomoa muhuri mchana kweupe, akaanza kuianika ngano uwanjani.

Watu waliporejea, mkulima mmoja aitwaye Hudhaifa, mwenye watoto wengi, alimjia kwa ghadhabu. "Umekula amana yetu, Bi Unaysa, na watoto wetu wanalala na njaa!"

"Muhuri nimeuvunja, ndugu yangu, lakini sikuonja hata punje. Hebu tia mkono katika rundo lililobaki ghalani."

Hudhaifa akatia mkono, akakuta ngano ina joto kama uji, dalili ya kuoza. Alipoutoa, punje zilikuwa zimenata kwenye jasho la kiganja chake, naye tangu jana hajala kitu. Watu wote walikuwa wakimtazama. Akazipangusa zote, zikarudi rundoni.

"Niwie radhi, dada yangu," akasema. "Nionyeshe pa kuanika."

Wakashinda juani, wenye njaa hao, wakifukuza ndege kwenye ngano ambayo wao wenyewe hawakuila. Mvua iliposhuka kwa rehema za Mola, hapakuwa na shamba lililokosa mbegu.

Enyi ndugu zangu, watu hujifaharisha kwa majemadari na ngome zao. Mimi nikiulizwa wazee wangu katika imani ni akina nani, nitawataja hawa kwa kifua mbele: walikaa na njaa mbele ya ngano, wakaiacha iote.