Nyota Haizalishi Ng'ombe

Nyota haizalishi ng'ombe. Mmemsikia mwenyekiti akiitamka leo kwenye mkutano wa ushirika wa maziwa, nanyi mnaniuliza imetoka wapi. Wahenga hawaijui methali hii. Ilianza hivi, mimi nikiwapo, na kosa la kwanza lilikuwa langu.

Nilipostaafu ualimu hapa Rungwe, nilianzisha kundi la wafugaji kwenye simu. Ng'ombe wako akikohoa, unaandika, mwenye ujuzi anakujibu. Tulipofika watu mia nne niliona vyema wanaosaidia wenzao watambuliwe. Nikatunga cheo cha Mlezi. Atakayekipata angewekewa nyota kando ya jina lake, ili mgeni ajue wa kumsikiliza. Nikahesabu majibu ya kila mtu kwa miezi mitatu. Mwenzetu mmoja, Ezroni, alikuwa nayo mia tatu na kumi, marefu, yenye maneno ya kitaalamu. Nikampa nyota. Watu wakampongeza siku nzima.

Subilaga, mama mmoja wa Kandete, alikuwa na majibu ishirini na mawili tu. Yeye huuliza maswali kwanza, kisha humpigia mtu simu wakazungumza wawili. Simu hizo sikuzihesabu.

Asubuhi moja mfugaji mmoja, Lugano, aliandika kundini kwamba ng'ombe wake anazaa na ndama amekwama. Hakuwa na ng'ombe mwingine. Bwana mifugo alikuwa kijiji cha mbali. Dakika haikupita, Ezroni akajibu: "Funga kamba, ita wanaume wanne, vuteni kwa nguvu."

Subilaga akaandika: "Kaka Lugano, usivute kwanza. Umeona miguu mingapi?"

"Mmoja, na pua."

"Basi wa pili umekunjwa ndani. Nawa kwa sabuni mpaka kwapani, msukume ndama arudi taratibu, uutafute huo mguu. Nakupigia sasa hivi."

Simu ililia mkononi mwa Lugano. Alikuwa ameyatazama majina mawili kundini, moja lina nyota, moja halina. Akaiacha ilie. Wakavuta.

Saa nne picha ikaingia kundini. Ndama alikuwa amelala kwenye majani, amekufa. Mama yake alivuja damu, na kabla ya adhuhuri naye akafa.

Nilimpigia Ezroni. Hasira ilikuwa haijanifika bado, nilitaka tu kuelewa.

"Ezroni, umezalisha ng'ombe wangapi?"



"Mwalimu, mimi sijawahi kufuga hata mmoja. Nauza makava ya simu mjini. Nilikuwa nasoma mtandaoni, nanakili. Mwanzoni niliandika 'nadhani'. Mliponipa nyota, nikaona aibu kusema sijui."

Nikakaa sakafuni jikoni, simu ingali sikioni. Majibu mia tatu na kumi. Niliyahesabu kwa mkono wangu mwenyewe, na sikumwuliza hata mtu mmoja kama mnyama wake alipona.

Nyota niliifuta siku ileile. Mpaka leo, mtu hapewi cheo kundini mpaka waliosaidiwa naye wasimame wenyewe waseme alichowafanyia. Wa kwanza kupewa cheo hivyo alikuwa Subilaga, na walisimama watu sitini na mmoja. Sikujua kama aliwasaidia wengi kiasi hicho.

Lakini maneno ya methali si yangu. Alasiri ile nilikwenda kwa Lugano. Nilimkuta na majirani wakichimba shimo la kumfukia ng'ombe, na Subilaga alikuwa amefika kabla yangu, ameshika jembe. Nilitaka kuomba radhi, nikaishia kushika jembe nami. Lugano hakunilaumu. Aliendelea kuchimba, kisha akasema bila kuinua uso:

"Mwalimu, huyu mama alinionyesha mguu uliko, na simu yake nikaiacha ilie. Nilitazama nyota. Nyota haizalishi ng'ombe."