Jua Lililokataa Kuzama

Jua la ugenini halingojwi kuzama. Mmeisikia leo kwa fundi cherehani, mkaja mbio mkicheka, mkaniuliza, "Bibi, ni jua gani hilo linalogoma?" Haya, wekeni chini hizo nyungo za uwele mnisikilize. Methali hii ilianza hivi, humu humu Kondoa, katika nyumba hii, nami nilikuwamo.

Mwanangu wa mwisho, Mwantumu, alikuwa kidato cha tatu. Shule yao ilishika urafiki na shule moja ya Norwei, nchi ya kaskazini kabisa, kule ambako ramani inakaribia kuisha. Wanafunzi sita wakachaguliwa waende wakasome na watoto wa kule mwezi mzima, kila mmoja akae katika nyumba ya mwenyeji wake. Mwantumu akawa mmoja wao. Baba yake alikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo ruhusa ilikuwa yangu, na lawama vilevile.

Safari ikaangukia Ramadhani, nayo mwaka ule ilikuwa mwezi wa sita. Shemeji yangu Swalehe alikuja akakaa pale kizingitini, hata maji hakuyataka.

"Shemeji, unampeleka mtoto kwa watu wasioijua adhana. Funga zake zitapotelea huko."

"Hazitapotea."

"Ikipotea moja tu, shule basi. Baba yake hayupo, mimi ndiye baba. Atakaa nyumbani."

Alikuwa hatanii. Nikamwita Mwantumu chumbani, nikamshika mikono. "Mwanangu, huko hakuna adhana, na saa za watu usiziamini. Ukitaka kufuturu toka nje, ulitazame jua kwa macho yako mwenyewe. Likizama, kula. Kama halijazama, vumilia."

"Nimesikia, mama."

Mtoto yule akisema amesikia, amesikia kweli. Nami nilijua kwamba msafiri ana ruhusa ya kula akalipa baadaye, maana Mola hakuileta dini ili ituvunje mgongo. Nililijua hilo, na sikumwambia. Niliogopa maneno ya shemeji. Mungu anisamehe.

Walifika jioni ya kuamkia siku ya kwanza ya kufunga. Mwantumu akapokewa na bibi mmoja mjane, jina lake Gudrun, mwenye nyumba ya mbao ukingoni mwa maji yaliyotulia hata milima ikajiona humo ndani, kichwa chini miguu juu. Alikula, akanywa, akatia nia ya kufunga, akalala. Mwanga ulikuwa bado umejaa chumbani. Akadhani amelala mapema.

Kesho yake alishinda shuleni na funga yake. Jioni akakaa dirishani kulingoja jua. Alinisimulia mwenyewe, na mpaka leo nikifumba macho naliona. Jua lilishuka polepole, likawa rangi ya asali. Maji yakawa asali, na kuta, na mikono yake mwenyewe. Ndege walikuwa wakiimba kana kwamba hakuna aliyewaambia siku imekwisha. Jua likashuka mpaka likakaribia kugusa mlima. Mwantumu akashika kikombe cha maji. Likasimama pale kama mtu aliyesahau alikuwa akienda wapi. Kisha, taratibu, likaanza kupanda.

Akaweka kikombe chini. Alijiambia, kama linapanda basi kumekucha, nimepitwa na futari, nimepitwa na daku. Akatia nia tena.

Siku ya pili alitembea kama mtu aliye ndotoni. Mwalimu wao alipouliza, alijibu kwamba amefunga, na mwalimu akachukulia kwamba anafuturu nyumbani. Bibi Gudrun naye aliona sahani inarudi kama ilivyokwenda, akadhani mgeni hapendi samaki, akapika viazi. Viazi navyo vikarudi. Jioni ile Mwantumu alikuwa akipanda ngazi, akashindwa kumaliza, akakaa palepale akiwa ameishika nguzo. Bibi Gudrun akaja akaketi ngazi ya chini yake.

Kwa Kiingereza chake cha shule, sauti imekauka, Mwantumu akauliza, "Bibi, samahani, jua linazama saa ngapi hapa?"

Bibi Gudrun akafikiri. "Tarehe ishirini na sita."

"Ya nini?"

"Ya mwezi wa saba, mwanangu. Ndiyo siku litakayozama."

Mwantumu alicheka, halafu akalia. Ndipo akamweleza yote. Bibi yule akashika kichwa. "Mbona hukuniuliza? Bandarini wapo watu wa dini yako. Kila mwaka wanafunga, na wako hai!" Akamtia garini muda ule ule.

Walikwenda kwa mama mmoja wa Kisomali, Halimo, aliyewahi kuishi Mombasa. Aliposikia, alipiga makofi.

"Wewe binti! Ulitaka kufunga mpaka Julai? Hata ngamia atakuomba msamaha!" Akamwekea tende mkononi. "Sisi hapa tunafuata saa za Makka, na Makka wamekwisha kufuturu zamani. Sema bismillahi."

Akala. Kisha akaomba simu anipigie.

Sisi tulikuwa tumetoka tarawehe, shemeji Swalehe yupo. Simu ilikuwa na sauti kubwa, kila mtu akasikia. "Mama, nimefuturu. Jua halijazama, nalitazama hapa liko juu ya mlima. Siku mbili nimelingoja, mama, kumbe halizami mpaka tarehe ishirini na sita, mwezi wa saba."

Shemeji akanigeukia. "Umemsikia mwenyewe. Amekula jua likiwaka."

"Kosa si lake," nikasema. "Neno lilikuwa langu. Nilimpa jua la Kondoa akalitafute Norwei. Huko halizami mpaka mwezi wa saba, tarehe ishirini na sita. Sema, shemeji, ulitaka angoje? Nani angekwenda kumzika?"

Nikamwona midomo inacheza, anahesabu siku. Alipofika mwisho wa hesabu yake aliinama kidogo, akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Mwantumu, ni baba yako mdogo. Umekula nini?"

"Tende tatu, baba. Na sambusa."

"Moja?"

"Moja."

"Kula nyingine. Halafu utulie, usome."

Akanirudishia simu bila kunitazama. Nami nikamwambia mwanangu maneno ambayo majirani waliyadaka usiku ule ule wakayatoa nje, mpaka yakafika kwa fundi cherehani wenu: "Mwanangu, kila ufikapo uliza wenyeji wanaishije. Jua la ugenini halingojwi kuzama."